Newtown Pippin, Tufaha Kongwe la Majira ya Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Newtown Pippin ni tufaha la aina gani?

Ni tufaha la kijani lililoanzia New York katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, wakati Marekani ingali koloni la Uingereza, nalo limo miongoni mwa aina kongwe za matufaha ya nchi hiyo ambazo bado zinalimwa kwa ajili ya soko. Huitwa tufaha la majira ya baridi kwa sababu huchumwa mwisho kabisa wa msimu, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba kutegemea mahali, kisha huwekwa na kuliwa katika miezi ambayo miti imekwisha kupukutisha majani na bustani hazina tunda lolote. Kabla ya kuwapo majokofu, familia ya shambani iliyokuwa na mapipa machache ya matufaha ya namna hii ghalani ilikuwa na matunda mabichi hadi Machi, na wakati mwingine hata baadaye.

Lilianzia wapi hasa?

Lilianzia katika kijiji cha Newtown, kwenye kisiwa cha Long Island, katika shamba la familia ya Moore. Mwenye shamba anayetajwa zaidi ni Gershom Moore. Kijiji hicho leo ni mtaa wa Elmhurst katika eneo la Queens, ndani ya jiji la New York, na mahali palipokuwa na bustani za matunda sasa pana majengo ya ghorofa na reli. Hakuna aliyelizalisha tufaha hili kwa makusudi. Mbegu iliota, mti ukakua, na matunda yake yakaonekana kuwa bora kuliko ya jirani zake.

Msomaji ambaye hajalima matufaha anapaswa kujua jambo moja hapa, kwa kuwa bila hilo historia yote ya tufaha hili haieleweki. Mbegu ya tufaha haizai tunda linalofanana na mama yake. Ukipanda mbegu kumi za Newtown Pippin utapata mitufaha kumi ya tabia tofauti, na mingi itazaa matunda madogo na machungu. Njia pekee ya kuiendeleza aina hii ni kukata kijiti cha mti wenyewe na kukibebesha kwenye shina la mtufaha mwingine. Kwa hiyo kila Newtown Pippin uliopo duniani leo ni mwendelezo wa mti ule mmoja wa Newtown, uliopita kutoka mkono hadi mkono kwa karibu miaka 300. Mti wa kwanza wenyewe ulikufa mwanzoni mwa karne ya 19, na inaelezwa kwamba uliumaliza wingi wa watu waliokuja kuukata vijiti.

Kwa nini wengine huliita Albemarle Pippin?

Albemarle ni wilaya ya jimbo la Virginia, chini ya milima ya Blue Ridge. Kwa mujibu wa masimulizi ya huko, Dakta Thomas Walker, aliyekuwa na jeshi la Uingereza la Jenerali Braddock lililoshindwa Pennsylvania mwaka 1755, alirudi nyumbani kwake Castle Hill akiwa na vijiti vya tufaha hili, akavibebesha katika shamba lake. Mti uliipenda ardhi ya Virginia kupita kiasi. Katika mabonde madogo yaliyokingwa na mlima, penye udongo mweusi, wenye rutuba na usiotuamisha maji, ulizaa matunda makubwa na yenye harufu nzuri zaidi kuliko yale ya New York, kiasi kwamba wakulima wa Albemarle waliamini kwa muda mrefu kwamba wana aina yao wenyewe. Baadaye ilithibitika kwamba ni mti uleule.

Jina la Albemarle Pippin linastahili kubaki. Linatukumbusha kwamba mahali hubadilisha tunda, na kwamba mkulima anayeliuza kwa jina hilo huko Virginia hamdanganyi mnunuzi.

Je, kuna Newtown Pippin ya kijani na nyingine ya njano?

Vitabu vya zamani vya kilimo cha matunda huzitaja mbili, ya kijani na ya njano, na inaaminika kwamba ya njano ilitokana na tawi la ile ya kijani lililobadilika kidogo. Tofauti ni ndogo: ya njano huwa pana zaidi, huwahi kugeuka rangi, na mara nyingi huwa na wekundu hafifu upande uliopigwa na jua. Kwa mlaji tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu hata ile ya kijani hugeuka njano ikikaa ghalani.

Nitalitambuaje nikiliona?

Usitarajie uzuri wa dirisha la duka. Ni tufaha la ukubwa wa kati hadi mkubwa, la duara lililobonyea kidogo, na mara nyingi limelala upande mmoja, yaani ukiliweka mezani huinama. Ukilizungusha mkononi utahisi pembe hafifu badala ya mviringo kamili. Ganda lake ni gumu kiasi, la kijani lenye vitone vyeupe vilivyotawanyika, na kuzunguka kishimo cha kikonyo pana utandu wa kahawia unaokwaruza kidogo ukipitisha kidole gumba. Utandu huo ni tabia ya aina yenyewe, si ugonjwa, wala si alama ya tunda kuukuu. Nyama yake ni ya rangi ya krimu inayoelekea njano, ngumu, iliyoshikana na yenye maji mengi.

Ladha yake ikoje?

Ina uchachu na utamu kwa pamoja, na hakuna kinachomeza kingine. Matufaha mengi ya kisasa ni matamu tu, na utamu huo huisha mdomoni mara moja. Newtown Pippin huanza kwa uchachu mkali unaoamsha ulimi, kisha utamu hufuata, na baada ya kumeza hubaki harufu ambayo wengi huifananisha na limau na wengine na utomvu wa msonobari. Mimi naona harufu hiyo ndiyo sababu halisi ya tufaha hili kudumu, kwa sababu matufaha machachu yako mengi na yanayohifadhika vizuri yako mengi pia, lakini machache sana huendelea kunukia baada ya miezi mitatu ghalani.

Kwa nini tunashauriwa tusilile mara tu linapochumwa?

Kwa sababu siku hiyo bado halijawa lenyewe. Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na watu wengi hulidharau tufaha hili kwa kuwa walilionja mapema mno.

Tunda linapokuwa mtini hujiwekea akiba ya chakula kama wanga, na kadiri linavyokomaa wanga huo hugeuka sukari. Katika matufaha ya mapema kazi hiyo hukamilika karibu yote mtini, na ndiyo maana huliwa siku ileile na kuharibika wiki inayofuata. Matufaha ya majira ya baridi huchumwa yakiwa yamekomaa lakini yangali na wanga, na mabadiliko huendelea polepole ghalani. Wakulima huyapima kwa namna rahisi: hulikata tufaha kwa upana wake na kupaka dawa ya iodini kwenye sehemu iliyokatwa. Penye wanga hugeuka bluu inayokaribia weusi, na penye sukari hubaki peupe. Weupe huanzia katikati, kwenye mbegu, na kuenea kuelekea kwenye ganda. Mkulima akiona duara jeupe limeanza kutanuka huku ukingo ukiwa bado mweusi, anajua kwamba wakati wa kuchuma kwa ajili ya ghala umefika. Akisubiri mpaka lote liwe jeupe, tunda litakuwa tamu leo, lakini halitafika Februari.

Wakati huohuo asidi ya maliki, ile inayolipa tufaha uchachu wake, hupungua taratibu kwa sababu tunda lililochumwa bado linapumua na huitumia kama nishati. Tufaha lenye asidi kidogo likikaa muda mrefu hubaki chapwa. Newtown Pippin huingia ghalani na asidi nyingi, hivyo likishapoteza sehemu yake bado lina ya kutosha kusawazisha sukari iliyoongezeka. Mnamo Novemba linauma meno na lina ladha ya majani mabichi. Ikifika Krismasi limelainika kitabia, na kati ya Januari na Machi hufikia kilele chake. Ganda nalo linakuwa limetoka kwenye kijani cha nyasi hadi njano iliyopauka.

Linahifadhiwaje nyumbani?

Linahitaji baridi, unyevu na giza, na zaidi ya yote linahitaji kuchaguliwa kabla ya kuwekwa. Weka matunda mazima tu, yenye kikonyo chake, yasiyo na mchubuko wala tundu la mdudu. Lililoangushwa chini lipikwe wiki hiyohiyo. Kufunga kila tufaha kwa kipande cha gazeti ni kazi ya kuchosha, lakini huzuia oza la moja lisihamie kwa jirani yake. Kila wiki mbili pekua kreti nzima, si safu ya juu pekee.

Kuhusu baridi, pana jambo ambalo maelezo mengi hulipita. Kanuni ya jumla ya matufaha ni kuyaweka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, ilimradi yasigande. Newtown Pippin, hasa yale ya pwani ya California, hayavumilii baridi hiyo kwa miezi mingi: nyama yake hugeuka kahawia ndani ilhali nje hakuna dalili yoyote, na mwenye ghala hagundui mpaka alikate. Kwa hiyo wahifadhi wa huko huliweka kwenye nyuzi 3 hadi 4. Bahati nzuri, hicho ndicho kiwango cha jokofu la kawaida la nyumbani. Ukitumia jokofu, yaweke kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu machache ili yasinyauke, na uyatenge na mboga za majani, kwa kuwa tufaha hutoa gesi ya ethilini inayoziivisha na kuzifanya ziwe njano mapema. Yasikae pamoja na viazi wala vitunguu, maana huvuta harufu.

Tufaha lililonyauka ganda bado linalika na mara nyingi huwa tamu sana. Lenye harufu ya uvundo litupwe.

Ni kweli kwamba lilimfikia Malkia Victoria?

Ndiyo, ingawa sifa zake zilitangulia kufika Uingereza. Benjamin Franklin, alipokuwa akiishi London kama mwakilishi wa Pennsylvania, aliletewa matufaha haya kutoka nyumbani, na Waingereza walioyaonja wakayasifu. Thomas Jefferson, aliyeyapanda kwa wingi katika shamba lake la Monticello huko Albemarle, aliandika akiwa Ufaransa mwaka 1785 kwamba huko hakuna tufaha la kulinganishwa na Newtown Pippin ya kwao. George Washington naye aliibebesha aina hii shambani kwake Mount Vernon.

Habari ya Malkia ilitokea miaka ya mwisho ya 1830. Andrew Stevenson wa Virginia alikuwa balozi wa Marekani mjini London, na mke wake, Sallie Coles Stevenson, alitoka katika familia ya Albemarle yenye mashamba ya matufaha. Waliagiza mapipa kutoka nyumbani na kumpelekea Malkia kijana, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutawala. Inasimuliwa kwamba yalimpendeza mno hata ushuru wa kuyaingiza ukaondolewa. Kwa vyovyote vile, biashara ya Albemarle Pippin na Uingereza ilistawi kwa miongo mingi baada ya hapo, na sababu yake ya msingi haikuwa jumba la kifalme. Tufaha linalozidi kuwa tamu kadiri linavyokaa lilikuwa mzigo uliofaa kuliko wowote kwa meli iliyovuka Atlantiki ya wakati ule.

Kama ni zuri hivyo, mbona ni adimu?

Soko la karne ya 20 lilitaka kitu kingine. Majokofu makubwa yalipoenea, uwezo wa tufaha kujihifadhi lenyewe ulipungua thamani. Reli na malori yaliwezesha mashamba makubwa ya magharibi mwa Marekani kuuza kila mahali, na maduka yakapendelea matufaha mekundu, yanayong'aa na yanayolingana umbo, huku Red Delicious ikitangulia. Tufaha la kijani lenye utandu wa kahawia na lililoinama upande halikuwa na nafasi kwenye rafu hiyo. Baadaye Granny Smith ya Australia, iliyo laini ya ganda na rahisi kuzalishwa kwa wingi, ilichukua hata ile nafasi ndogo ya tufaha la kijani.

Nasikitishwa na hasara hiyo, na sioni haja ya kuificha. Mamia ya aina za matufaha zilizojulikana Marekani katika karne ya 19 zimetoweka kabisa, kwa kuwa aina isiyobebeshwa tena hufa na mti wake wa mwisho. Newtown Pippin ilinusurika kwa sababu viwanda viliendelea kuihitaji. Katika bonde la Pajaro, karibu na Watsonville, California, imelimwa tangu karne ya 19, na kampuni ya Martinelli's, iliyoanzishwa huko mwaka 1868, bado huitumia katika juisi zake zenye povu. Virginia nayo ina wakulima walioirejesha kwa ajili ya kileo cha tufaha, na mjini New York wamekuwapo watu waliojitolea kuipanda upya katika bustani za umma, zikiwamo za Queens ilikozaliwa.

Linafaa kupikiwa nini?

Pai ndiyo kazi yake kuu jikoni. Vipande vyake hubaki na umbo katika tanuri, havigeuki uji, na uchachu wake hupunguza ukali wa sukari inayoongezwa. Kwa pai nashauri tunda la Novemba au Desemba, lingali chachu. Lile la Februari liliwe bichi, pamoja na kipande cha jibini kigumu ukipenda. Hufaa pia kwa rojo la matufaha, kwa kukaushwa na kwa jemu, kwa sababu lina pektini ya kutosha, yaani kile kinachoifanya jemu igande. Juisi yake ni safi na yenye harufu, ila haina tanini nyingi, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, kwa hiyo watengenezaji wa vileo huichanganya na ya matufaha mengine yenye ukakasi.

Mti wake unalelewaje?

Unahitaji mtu asiye na haraka. Hukua taratibu, gome lake huparara tangu ungali mchanga, na ukibebeshwa kwenye shina refu la kawaida huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Mashina mafupi ya kisasa hufupisha muda huo sana. Ukishaanza kuzaa, huelekea kubeba mno mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, na dawa ya tabia hiyo ni kupunguza vitunda vikiwa bado vidogo, kabla mti haujamaliza nguvu zake. Huumia kukata tunda zima, lakini usipofanya hivyo utavuna matunda madogo mwaka huu na kukosa kabisa mwaka ujao.

Udongo uwe na kina, rutuba na njia ya maji kupita. Kwenye udongo unaotuama mti hudhoofika. Mtufaha wa aina nyingine unaochanua wakati mmoja nao uwe karibu kwa ajili ya uchavushaji. Magonjwa ya kuangaliwa ni ukungu unaotia madoa meusi na magamba kwenye majani na matunda, pamoja na bakteria wanaokausha maua na ncha za matawi hadi zionekane kana kwamba zimeunguzwa. Tunda hukaa mtini muda mrefu kuliko mengi, hivyo nondo na ukungu hupata wiki nyingi zaidi za kulishambulia.

Je, ninaweza kuupanda Lushoto, Njombe, Nyeri au Limuru?

Sishauri. Mitufaha ya kale ya kaskazini hulala wakati wa baridi, na machipukizi yake hayaamki sawasawa mpaka yawe yamepitia mamia ya saa za baridi ya chini ya takriban nyuzi 7. Kwa aina nyingi za kale ni kati ya saa 800 na 1,000. Nyanda zetu za juu zina usiku wa baridi, hasa Juni na Julai, lakini mchana hupanda joto na hesabu hiyo haifikiwi. Mti utaishi, utatoa majani kwa vipande vipande, maua yatakuwa machache na ya kubahatisha. Anayetaka matufaha Afrika Mashariki aanze na aina zinazohitaji baridi kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israeli au Dorsett Golden iliyotoka Bahamas, ambazo tayari hulimwa katika nyanda hizo. Ladha yake ni tofauti na hazikai miezi ghalani, lakini huzaa.

Matufaha ya kijani ninayoyaona Dar es Salaam au Nairobi ndiyo haya?

Kwa kawaida hayo ni Granny Smith, mengi yakitoka Afrika Kusini. Yana ganda laini la kijani kilichokolea lisilo na utandu, na umbo linalofanana moja kwa moja.

Ninaishi Marekani. Nilitafute lini na wapi?

Albemarle na wilaya jirani za Virginia hulivuna kuanzia mwishoni mwa Oktoba, na mashamba huliuza yenyewe au katika masoko ya wakulima. Uliza kwa majina yote mawili. California, tafuta maeneo ya Watsonville kuanzia Oktoba. Masoko ya New York nayo huwa nalo kwa baadhi ya wauzaji. Ukimwona muuzaji Novemba, nunua la kutosha kwa miezi mitatu, kwani ikifika Januari wengi huwa wamemaliza. Mwulize lini lilichumwa na kama limekaa kwenye ghala la baridi, kisha chagua yale magumu yenye kijani kinachoanza kupauka. Kama yote ni ya kijani kilichokolea, yapeleke nyumbani hivyohivyo, uyaandike tarehe kwenye mfuko, na onja moja kila baada ya wiki mbili mpaka ulikute limefika pale unapopenda.